Homoni na maradhi ya fizi: Mambo ambayo wakazi wa Ngara na Biharamulo hawana budi kuyafahamu

KUTOKWA na damu kwenye fizi wakati wa kupiga mswaki ni jambo ambalo watu wengi hulichukulia kuwa la kawaida. Wapo wanaodhani kuwa mswaki ni mgumu mno, wapo wanaoacha kabisa kupiga mswaki kwa kuogopa kuona damu, na wapo wanaongoja hadi jino litikisike ndipo wafunge safari ya kwenda hospitali kuling'oa. Ukweli ni kwamba ufizi wenye afya hauvuji damu. Damu hiyo ni taarifa, na mara nyingine taarifa hiyo haihusu kinywa peke yake, bali inahusu mwili mzima.

Miongoni mwa mambo yanayochochea maradhi ya fizi, lakini yasiyozungumzwa sana, ni mabadiliko ya homoni, yaani vile vichocheo vinavyotengenezwa na tezi mbalimbali na kusafirishwa na damu ili kuongoza kazi za mwili. Kijana anayebalehe, mama mjamzito, mwanamke aliyekoma hedhi, mgonjwa wa kisukari na mwenye matatizo ya tezi ya shingo wote wana sababu ya kuziangalia fizi zao kwa makini kuliko watu wengine.

Kwa wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, suala hili lina uzito wa pekee. Katika sensa ya mwaka 2012 kila moja ya wilaya hizo ilikuwa na zaidi ya watu 320,000, wengi wao wakiwa wakulima waishio vijijini. Anayetoka Murusagamba, Rusumo, Nyakahura au Lusahunga hutumia muda na nauli kufika hospitalini, na kutoka huko hadi Bukoba au Mwanza ni safari nyingine ndefu. Ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa kwa mswaki na kipimo cha sukari haustahili kumfikisha mtu huko.

Ugonjwa wa fizi ni nini?

Chanzo cha maradhi mengi ya fizi ni ukoga, yaani ule utando mlaini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, ukoga hunyonya madini yaliyomo kwenye mate na kuwa mgumu kama chokaa. Huo huitwa ugaga, nao hauondoki kwa mswaki bali kwa vifaa vya tabibu wa meno.

Bakteria hao huufanya ufizi uvimbe, uwe mwekundu na uvuje damu. Hii ndiyo hatua ya kwanza, na habari njema ni kwamba hurudi nyuma ikitibiwa. Mwaka 1965, Profesa Harald Löe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno. Watu 12 wenye fizi nzuri waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Katika kipindi cha takriban siku 10 hadi 21 wote walipata uvimbe wa fizi, na walipoanza tena kusafisha, fizi zao zilirejea katika hali njema ndani ya siku chache.

Hatua ya pili ni mbaya zaidi. Uvimbe hushuka chini ya ufizi, hutengeneza mifuko kati ya jino na ufizi, na kuanza kuula mfupa wa taya unaolishikilia jino. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Meno hulegea, hujipanga ovyo na mwishowe hung'oka hata kama hayana tundu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana maradhi makali ya fizi.

Homoni zinaingiaje?

Ni muhimu kueleweka kuwa homoni pekee hazileti ugonjwa wa fizi. Bila ukoga, mabadiliko ya homoni huleta madhara kidogo. Kinachofanywa na homoni ni kubadili jinsi mwili unavyoupokea ukoga huo.

Tishu za fizi zina vipokezi vya homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni. Homoni hizo zinapopanda, mishipa midogo ya damu katika fizi hutanuka na kuvujisha maji kwa urahisi, kinga ya mahali hapo hubadilika, na baadhi ya bakteria huneemeka zaidi. Ndiyo maana watu wawili wenye kiasi kilekile cha ukoga wanaweza kutofautiana: mmoja ana wekundu kidogo, na mwenzake fizi zake zimevimba na kuvuja damu kwa kuguswa tu.

Wakati wa kubalehe

Wavulana na wasichana wa umri wa kubalehe hupata ongezeko la ghafla la homoni za uzazi. Katika umri huo fizi zinaweza kuvimba, hasa katikati ya jino na jino. Wasichana wengine huona fizi zikiuma au kuvuja damu siku chache kabla ya hedhi, kisha hali hiyo hutulia yenyewe.

Wazazi na walimu wanapaswa kujua kuwa huu ndio umri ambao watoto wengi huacha kusimamiwa katika usafi wa kinywa. Mwanafunzi wa bweni asiye na mswaki wala dawa ya meno yumo katika hatari maradufu: homoni zimepanda na usafi umeshuka. Mswaki ni kitu kidogo, lakini unastahili kuwamo katika orodha ya mahitaji ya mwanafunzi.

Mama mjamzito

Ujauzito ndio kipindi ambacho uhusiano wa homoni na fizi huonekana wazi zaidi. Mwaka 1963 Löe na mwenzake Silness walieleza kuwa uvimbe wa fizi kwa wajawazito huanza kuongezeka mwezi wa pili, hufikia kilele mwezi wa nane, kisha hupungua. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) hukadiria kuwa kati ya asilimia 60 na 75 ya wajawazito hupata uvimbe wa fizi.

Baadhi ya wajawazito huota kinyama chekundu kwenye ufizi kinachovuja damu kwa urahisi. Jambo hili huwatia hofu wengi, wakidhani ni saratani au kuwa wamerogwa. Mara nyingi kinyama hicho si saratani, na hupungua au kutoweka baada ya kujifungua. Hata hivyo, ni lazima kionwe na mtaalamu, hasa kikikua haraka, kikizuia kula au kikibaki baada ya mtoto kuzaliwa.

Ipo pia dhana ya zamani kuwa mtoto aliye tumboni hunyonya madini ya meno ya mama yake, na kwamba kila uzazi hugharimu jino. Dhana hiyo si sahihi. Meno hayatoi madini yake kwa mtoto. Mama hupoteza meno kwa sababu fizi zake zimevimba bila kutibiwa, kichefuchefu kimemfanya aache mswaki, matapishi yenye asidi yamekula meno yake, au amekuwa akila vitu vitamu mara kwa mara.

Je, ugonjwa wa fizi husababisha mtoto kuzaliwa njiti? Tafiti nyingi zimeona kuwa wanawake wenye maradhi ya fizi hujifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliohusisha wajawazito 823, ulionyesha kuwa kutibu fizi wakati wa ujauzito hakukupunguza idadi ya watoto njiti. Utafiti huohuo ulithibitisha jambo jingine lenye faida: matibabu hayo yalikuwa salama kwa mama na mtoto, na yaliziponya fizi. Kwa hiyo mama mjamzito hana sababu ya kuambiwa asubiri hadi ajifungue.

Wakati unaofaa zaidi kwa matibabu ya kawaida ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Maumivu makali au usaha hutibiwa wakati wowote. Mama amweleze tabibu kuwa ni mjamzito, kwa kuwa dawa kama tetrasaiklini hazimfai. Hutia madoa ya kudumu kwenye meno ya mtoto.

Uzazi wa mpango

Vidonge vya uzazi wa mpango vya miaka ya 1960 na 1970 vilikuwa na kiasi kikubwa cha homoni, na tafiti za wakati huo ziliona athari kwenye fizi. Vidonge vya sasa vina kiasi kidogo zaidi na athari yake kwa fizi ni ndogo. Hakuna sababu ya mwanamke kuacha njia yake ya uzazi wa mpango kwa ajili ya fizi kuvuja damu. Kinachotakiwa ni kuondoa ukoga na ugaga, na kumweleza mhudumu wa afya anayemhudumia.

Kisukari: uhusiano wa pande mbili

Kisukari ni ugonjwa wa homoni, kwa kuwa hutokea pale kongosho inaposhindwa kutoa homoni ya insulini ya kutosha, au mwili unaposhindwa kuitumia. Katika yote yanayoelezwa hapa, huu ndio uhusiano uliothibitishwa kwa uzito mkubwa zaidi.

Wakati fulani kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mijini na wa wenye uwezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 katika vijiji vya Tanzania ulikuta kuwa wenye kisukari hawakufikia asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili zilitofautiana katika mbinu na maeneo, lakini zinatosha kuonyesha kuwa mkazi wa kijijini hawezi tena kudhani kuwa ugonjwa huu haumhusu.

Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu, hudhoofisha chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, na huchelewesha vidonda kupona. Mate hupungua na kinywa hukauka. Tafiti zilizofanywa kwa miaka mingi miongoni mwa Wahindi Wekundu wa kabila la Pima, huko Arizona, zilionyesha kuwa wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kupata maradhi ya fizi yanayoharibu mfupa. Mwaka 1993 Profesa Löe aliyaita maradhi ya fizi tatizo la sita litokanalo na kisukari, baada ya yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na vidonda visivyopona.

Upande wa pili wa uhusiano huo haufahamiki kwa wengi. Fizi zenye usaha na uvimbe wa muda mrefu humwaga katika damu kemikali zinazoizuia insulini kufanya kazi yake, na hivyo sukari hupanda. Mgonjwa anaweza kumeza dawa zake kwa uaminifu na kuacha vyakula alivyokatazwa, lakini sukari ikakataa kushuka kwa sababu ya kinywa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kuwa matibabu ya fizi hushusha kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa takriban pointi 0.4 za asilimia. Ni kiasi kinachoweza kuonekana kidogo, lakini kinakaribia manufaa ya kuongeza dawa nyingine.

Kwa sababu hiyo, mtu mzima ambaye fizi zake zinatoa usaha mara kwa mara, meno yanalegea kabla ya uzee, au kidonda cha jino lililong'olewa hakiponi, anapaswa kupimwa sukari, hasa akiwa pia na kiu kali, kukojoa mara nyingi na kupungua uzito. Mtu huhesabiwa kuwa na kisukari ikiwa sukari yake kabla ya kula ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kipimo kikirudiwa na kuthibitishwa.

Mgonjwa wa kisukari anayekwenda kung'oa jino asiende na njaa. Ale, atumie dawa zake kama alivyoelekezwa, aende asubuhi, na aombe kupimwa sukari kabla ya kuguswa.

Tezi za shingoni

Tezi ya thairoidi, ambayo ikivimba wengi huiita rovu, hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili. Upungufu wa madini joto ni chanzo kikubwa cha uvimbe wake, na ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 Tanzania iliweka utaratibu wa kuongeza madini hayo katika chumvi. Mtu ambaye tezi hiyo hutoa homoni pungufu anaweza kuvimba ulimi na midomo, na vidonda vyake huchelewa kupona. Kwa mtoto, meno huchelewa kuota.

Anayetumia dawa ya kushusha homoni za tezi hiyo, kama kabimazoli, akipata ghafla vidonda kinywani, koo kuuma na homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu hadi kiwango cha hatari.

Baada ya kukoma hedhi

Hedhi inapokoma estrojeni hushuka, na mifupa ya mwili, pamoja na ya taya, hupoteza uimara. Wanawake wengine huhisi kinywa kukauka au ulimi kuwaka. Mate yakipungua, ukoga huongezeka. Bibi aliyefikia umri huu anahitaji uangalizi wa kinywa sawa na mjukuu wake. Kukatika kwa meno si sharti la uzee.

Si kila ufizi unaovuja damu ni homoni

Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa mwaka 1983, na wahudumu wa afya wa mkoa huo wanajua kuwa dalili za kinywa zinaweza kutangulia nyingine. Fizi zinazooza ghafla, zenye maumivu makali na harufu mbaya, humtaka mhusika apime virusi vya UKIMWI. Dawa za kifafa za aina ya fenitoini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama nifedipini, hukuza fizi hadi zikafunika meno. Uvutaji wa tumbaku huharibu mfupa huku ukificha damu, hivyo mvutaji huchelewa kujua kuwa anaumwa. Upungufu wa vitamini C na magonjwa ya damu nayo huleta damu katika fizi.

Ndiyo maana kujitibu kwa kununua vidonge dukani bila uchunguzi ni hatari. Dawa za kuua bakteria peke yake haziondoi ugaga. Uvimbe hutulia kwa muda kisha hurudi.

Pa kuanzia

Mkazi wa Ngara au Biharamulo aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Hapo anaweza kuulizia kipimo cha sukari, ushauri na rufaa. Ngara ina hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga. Biharamulo ina hospitali yake mjini. Matatizo makubwa hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, hospitali ya kanda iliyopo Chato au Bugando jijini Mwanza. Kabla ya kulipa nauli, ni vyema kuulizia siku ambazo tabibu wa meno anapatikana.

Nafasi kubwa zaidi ipo kliniki ya wajawazito, ambako mama huhudhuria mara kadhaa. Muuguzi anaweza kumwuliza swali moja tu: "Fizi zako zinatoka damu?" Mama akiwa hakuulizwa, aseme mwenyewe. Hali kadhalika, katika kliniki ya kisukari, kinywa kitazamwe kama miguu inavyotazamwa.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usikose kufanya hivyo kabla ya kulala, kwa dawa yenye madini ya floridi. Tumia mswaki laini na ufikishe nywele zake kwenye mpaka wa jino na ufizi. Fizi zikivuja damu usiache; endelea polepole, kwani damu hupungua ukoga unapoondoka. Mswaki wa mti nao unafaa ukitumiwa vizuri. WHO ilihimiza matumizi yake mwaka 1987. Utafunwe hadi uwe laini, na ufike meno ya nyuma na upande wa ndani.

Mama mjamzito aliyetapika asukutue kwanza kwa maji na asubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi hutuliza fizi, ingawa hakuchukui nafasi ya mswaki. Punguza soda, na chai yenye sukari nyingi inayonywewa mara kwa mara. Acha tumbaku.

Usichelewe kwenda hospitali ukiona uvimbe wa taya au shingo wenye homa, kushindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua kwa shida, au damu isiyokoma. Kwa mgonjwa wa kisukari, usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuondoa uhai katika muda mfupi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fizi, ufa ni ile damu ndogo kwenye mswaki wa asubuhi. Anayeiona, awe msichana wa sekondari, mama mjamzito au mzee mwenye kisukari, anayo nafasi ya kuyaokoa meno yake na, pengine, kuugundua mapema ugonjwa ambao hakuwa na habari nao.